Boriti za Dari, Deni la Mikoko

Mwembe Tayari: jina lina mti ndani yake, lakini kinachokupokea ni honi na makondakta. Tembea kuelekea Mji wa Kale, bisha hodi nyumba ya zamani ya mawe, kisha tazama juu. Darini zimepangwa boriti, nguzo za mikoko zilizobeba mawe na chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba, na si kwamba fundi alikuwa bahili. Upana wa chumba uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia. Mkoko ndio uliopima vyumba vya babu zetu.

Majahazi nayo yalizipakia boriti na kuondoka na kusi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Lakini shoka lilikuwa limeshapata kazi nyingine. Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa kisiwa, mikoko ilikatwa miaka ya 1970 iwe kuni za viwanda. Kwingine pakabaki tope tupu. Mkoko ukiondoka, vichanga vya samaki na kamba hukosa mizizi ya kujificha, na mawimbi huanza kula ufuo. Mvuvi hahitaji semina kulijua hilo.

Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI walianza kupanda upya na wenyeji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanzisha Mikoko Pamoja: wanatunza hekta 117, wanauza hati za kaboni, na pesa zinaingia kwenye maji na shule.

Sasa, kuna swali la haki hapa. Je, tajiri wa mbali ananunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi, huku mwanakijiji akifanywa mlinzi wake? Siwezi kulipuuza. Kisheria msitu ni wa serikali, kijiji kina makubaliano ya kuusimamia tu. Ila tofauti na enzi za boriti, safari hii wanaokaa kando ya mikoko wana sauti kuhusu pesa yake.

Na kisiwani je? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka bara hadi hori ya Mwache, magharibi yetu, ukafukia mizizi na mikoko ikafa. Kupanda miche ufuoni peke yake hakutoshi, bana. Lazima tuongee pia na anayelima juu mtoni, maana tope lake ndilo linalotufikia.