Kambi za Seronera
Kambi za Seronera ni viwanja vya mahema katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Tanzania, vinavyotumiwa sana na makundi ya watalii wanaosafiri pamoja kwa malori au magari ya safari. Kambi hizi za umma hazina uzio. Usiku fisi hupita kati ya mahema na ngurumo za simba husikika. Kwa hiyo chakula hakiwekwi hemani, na anayetaka kwenda msalani humulika tochi kwanza, tena kwa makini. Chui hupumzika juu ya migunga na miegea kando ya Mto Seronera. Kuwaona kunataka subira, si kukimbizana na magari mengine. Kuendesha gari nje ya barabara ni marufuku.