Taarabu si ya Mezani

Mgeni ashukapo Unguja haikawii kuuliza: usiku kuna nini? Mmoja nilimsindikiza hadi hoteli ya pwani. Wazee wanne walipiga udi, fidla, kanuni na dumbaki. Wageni wakala kamba, na hakuna aliyegeuza shingo, sembuse kuinuka kutunza. Nilirudi na uchungu.

Baadaye nikakumbuka kwamba taarabu yenyewe ilianza kama burudani ya wakubwa. Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Katika kasri ziliimbwa nyimbo za Kiarabu, na mpita njia aliambulia mwangwi tu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo.

Aliyeitoa taarabu kasrini ni Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu. Aliimba kwa Kiswahili, akaimba ya mahakamani na ya mitaani, na mwaka 1928 sauti yake ikaingia kwenye santuri huko Bombay. Watu wa Ng'ambo wakajisikia wanasemwa wao.

Basi nikamwambia mgeni wangu: hotelini utashiba, lakini taarabu kaitafute kwenye mazoezi ya vikundi vya Mji Mkongwe, au ukialikwa harusini. Nenda na noti ndogo ndogo mfukoni. Mwimbaji akikugusa, inuka ukamtunze. Wakimwachia sahani peke yake, ataurudisha muziki kasrini.