Thogoto, Uskoti na mwalimu aliyefutwa kazi

Kama umewahi kupanda matatu ya Kikuyu, umesikia kondakta akiita Thogoto. Hilo jina ni Scotland, vile lilitoka kwa ulimi wa Wagikuyu baada ya wamishenari wa Kanisa la Scotland kujenga pale. Nimepita hapo mara mia bila kujua. Nilikuja kujua mwaka ule niliacha chuo, karo imekataa, nikabaki na muda mwingi wa kusoma vitu ambavyo hakuna mtu angenitahini.

Ndivyo nilikutana na Tom Nairn.

Alizaliwa 1932 huko Freuchie, kijiji cha Fife, Uskoti. Akasoma falsafa Edinburgh, akaenda Pisa, Italia, akarudi na mawazo ya Gramsci kichwani. Mwaka wa 1968 alikuwa anafundisha chuo cha sanaa cha Hornsey, London. Wanafunzi wakakikalia chuo kwa wiki kadhaa, Nairn akawaunga mkono, na mambo yalipotulia akawa hana kazi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuungaunga: makala hapa, taasisi ya Amsterdam pale. Kitabu chake kikubwa, The Break-up of Britain, kilitoka 1977, na mwenyewe hakuwa profesa wa mahali popote.

Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza. Utaifa hutoka wapi? Wengi wa mrengo wake, wa kushoto, waliuona kama ugonjwa wa wajinga. Nairn akasema hapana, tafuteni pesa zilienda wapi. Ubepari haufiki kila mahali kwa wakati mmoja. Waliobaki nyuma wanaona maendeleo yakija na bwana wa kigeni juu yake, na wasomi wao hawana jeshi wala benki. Wana watu tu. Basi wanawaita watu kwa kile watu wanacho: lugha, nyimbo, mashujaa wa zamani.

Hapo mimi nilisimama kidogo, juu nilifikiria ule waraka wa serikali yetu Nambari 10 wa 1965, ulioamua pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi nzuri na mvua. Muulize mtu wa Marsabit kama hajui hii nadharia. Anaijua, hajaisoma tu.

Lakini Uskoti ilimpa Nairn shida, na hapa ndipo kazi yake inanoga. Uskoti haikubaki nyuma. Ilipoteza bunge lake 1707, sawa, ila ikapata sehemu yake ya himaya: mainjinia, wanajeshi, mabenki, na wale wamishenari wa Thogoto. Nani atadai uhuru na anakula vizuri? Himaya ilipoisha, na mafuta yakapatikana Bahari ya Kaskazini, hesabu ikabadilika.

Cheki hii sasa. Mwaka wa 1962, pale Lancaster House, Waingereza walikaa London wakijadili na viongozi wetu katiba ya majimbo, kila jimbo na baraza lake. Wakati huohuo Edinburgh haikuwa na bunge. Sisi tulifuta majimbo kufikia mwisho wa 1964. Wao wakaanza kuhangaika nayo baadaye: kura ya maoni ya 1979, asilimia 51.6 wakasema ndiyo, lakini sheria ilitaka asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa, na haikufika. Mwaka wa 1997 ikapita kwa asilimia 74.3, bunge likafunguliwa 1999.

Wakubwa wa chama cha Labour waliamini ugatuzi ungeua utaifa. Mwaka wa 2007 chama cha SNP kikaongoza serikali, 2011 kikapata wingi wa viti, 2014 kikaleta kura ya uhuru na kupata asilimia 44.7. Ukimpa mtu jukwaa usishangae akiongea.

Nairn naye alikosea, tusimfanye nabii. Alitangaza kuvunjika 1977. Alikufa Januari 2023, miaka 90, na Uingereza bado iko. Aliidharau sana ile nyumba kuukuu, akasahau nyumba kuukuu huwekwa viraka. Ugatuzi ulikuwa kiraka, na umeshika kuliko alivyotarajia. Hata hapa kwetu, kaunti 47 hazijamtoa mtu Kenya. Zimehamisha ugomvi tu, sasa tunapigania mgao na mipaka.

Uprofesa alikuja kupata Melbourne, Australia, akikaribia miaka 70. Nilimwambia mzee wangu hiyo hadithi, kwa sababu bado ananiuliza nitarudi chuo lini. Akasikiliza yote, akamaliza chai.

"Lakini huyo alimaliza kusoma, ama?"

Ni kweli. Alimaliza.