Chuma cha Hale na rula ya Bwana Stoney

Tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kufua umeme Februari 2024, kituo cha umeme cha Hale hakitajwi tena. Haishangazi. Megawati zake 21 mbele ya 2,115 za bwawa hilo la Rufiji hazionekani hata kwenye hesabu. Lakini kituo hiki cha wilayani Korogwe, kilichochimbiwa chini ya ardhi na kuwashwa mwaka 1964, kimevuka miaka 60 kikipokea maji ya mto uleule wa Pangani. Anayetaka kujua chuma hupatwa na nini kikikaa muda wote huo ndani ya maji ya tope hana haja ya kusafiri mbali.

Umeme wa mto Pangani ni wa zamani kuliko Hale. Kampuni ya umeme ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na katikati ya muongo huo maporomoko ya Pangani yalikwishaanza kuwauzia umeme wenye mashamba ya mkonge na mji wa Tanga. Ikaja Hale, ikafuata Nyumba ya Mungu mwaka 1968, na mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani cha megawati 68, kwa fedha za nchi za Skandinavia na Finland.

Tope la Kilimanjaro na Meru hutua ndani ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Tatizo liko chini ya bwawa, kwa sababu huko mto hupokea Mkomazi na Luengera, na mito hiyo inakuja na udongo wa Usambara. Wakoloni waliliona hilo mapema. Mwaka 1946 walianza kuwalazimisha watu wa Mlalo kuchimba matuta, kisha wakaeneza amri hiyo Usambara nzima. Wasambaa waliikataa kazi hiyo ya sulubu, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umekwisha kufa. Udongo ukaendelea kuteremka.

Katika udongo huo mna chembe za kwatsi, na kwatsi ni ngumu kuliko vyuma vingi vya mashine. Maji yakipita kwa kasi kwenye gurudumu la turbini, chembe hizo hukwangua. Juu ya hapo kuna viputo. Pale mgandamizo wa maji unaposhuka ghafla, maji hutoa viputo vidogo vya mvuke ambavyo hupasuka papo hapo kwenye uso wa chuma, na kila mpasuko hudonoa. Baada ya miaka, uso uliokuwa laini huwa na mashimomashimo, mashine hutetemeka na umeme hupungua.

Dawa inayotumika duniani ni kuuvika uso huo utando mgumu. Njia moja maarufu ni bunduki ya plazma. Ndani yake gesi, mara nyingi agoni iliyochanganywa na haidrojeni, hupitishwa kwenye cheche ya umeme hadi joto lake likapita nyuzi 10,000 za Selsiasi. Unga wa kauri au wa metali hutiwa katika mwali huo, ukayeyuka na kurushwa kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Kila tone likigonga chuma hutandazika na kuganda ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde. Matone hulaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na baina yao hubaki vitundu na nyufa nyembamba.

Asili ya kazi hii ni Mswisi Max Ulrich Schoop, aliyeanza kurusha metali iliyoyeyuka mjini Zürich karibu na mwaka 1909. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona risasi za bunduki ya kuchezea zilivyobandikana ukutani. Bunduki ya plazma yenyewe ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Marekani, ikaingia kwenye injini za ndege na roketi. Vitabu vingi vya fani hiyo huanzia kwa Schoop. Mimi naona aliyefanya kazi kubwa zaidi mwaka uleule wa 1909 ni mtu ambaye hakurusha chochote.

Aliitwa George Gerald Stoney, mhandisi aliyezaliwa Dublin, mtoto wa mwanasayansi aliyeipa elektroni jina lake. Stoney alikuwa mkono wa kulia wa Charles Parsons, mvumbuzi wa turbini ya mvuke, huko Newcastle. Akiwa na Parsons alishiriki kuitengeneza Turbinia, chombo cha kwanza duniani kusukumwa na turbini. Majaribio ya mwanzo yalikatisha tamaa. Mashine ilikuwa na nguvu tele lakini chombo hakikwenda, kwa kuwa parafujo ilizunguka kwa kasi iliyochemsha maji ikawa inazungukia viputo. Ndivyo viputo vilevile vinavyodonoa turbini za maji. Parsons alitengeneza tangi dogo la kuvitazama, akabadilisha mpango, akaweka mihimili mitatu yenye parafujo tatu kila mmoja.

Tarehe 26 Juni 1897 jeshi la majini la Uingereza lilipanga manowari zake Spithead kumsherehekea Malkia Victoria aliyetimiza miaka 60 ya kutawala. Turbinia ikaingia katikati ya mistari ya manowari bila kualikwa, ikikimbia mafundo zaidi ya 34, kama kilomita 63 kwa saa. Vyombo vya doria vilitumwa kuikamata, vikaachwa nyuma mbele ya wageni wote. Maofisa walifedheheka, lakini baada ya miaka michache walianza kuagiza turbini za Parsons. Nadhani Waingereza wenyewe wameisimulia hadithi hii mpaka wakasahau kwamba mmoja wa mafundi wake alikuja kufanya jambo tulivu zaidi na lenye faida ya kudumu.

Jambo hilo lilihusu nikeli. Wakati huo vyuma vilivikwa nikeli kwa umeme ndani ya maji ya dawa, na kila fundi alijua kwamba utando ukizidi unene fulani hubanduka wenyewe na kujikunja, bila mtu kuukwaruza. Stoney alishuku kwamba nguvu imo ndani ya utando wenyewe. Alichukua rula nyembamba za chuma, akavika nikeli upande mmoja tu, akaziangalia. Rula zilipinda. Kwa kupima upindaji, unene wa rula na unene wa utando, alipata mkazo uliokuwa ndani ya nikeli, na matokeo yake yakachapishwa na Royal Society ya London mwaka 1909. Hesabu ile inafaa utando ulio mwembamba sana kuliko bamba lake. Kwa tando nene wahandisi wameirekebisha, lakini msingi ni wake hadi leo.

Katika utando wa plazma mkazo huwa wa aina mbili. Kila tone likiganda hutaka kusinyaa, lakini limeshikwa na lililo chini yake, hivyo hubaki limevutika. Kisha kitu kizima kinapopoa, chuma husinyaa kwa kiwango chake na kauri kwa kiwango chake. Ndiyo maana unene si usalama. Fundi anayeongeza tabaka ili lidumu zaidi huongeza pia nguvu inayongoja kulibandua.

Upimaji wa sasa haujaacha rula ya Stoney. Maabara hupulizia bamba jembamba na kufuatilia linavyopinda tabaka baada ya tabaka. Nyingine hutoboa tundu dogo na kusoma jinsi uso unavyolegea pembeni yake, au hutumia eksirei kupima umbali baina ya safu za atomi. Ili kuona umbile, kipande hukatwa, kikasuguliwa na kutazamwa kwa hadubini. Hapo kuna mtego: msuguaji mzembe hung'oa chembe, akahesabu vitundu ambavyo havikuwepo. Kipimo cha mshiko nacho hugundisha utando kwa gundi na kuuvuta hadi ukatike. Gundi ikikatika kwanza, umejua nguvu ya gundi tu, na kwamba utando una zaidi. Ripoti isiyosema kilichokatika ni nini haifai hata kufungia karanga.

Wilaya jirani ya Handeni inaingia hapa kwa mlango wa mabomba. Mradi wa maji unaojulikana kama HTM, uliojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, unachota mto Pangani upande wa Korogwe na kusukuma maji kwenda Handeni. Kizazi kizima cha Wazigua wa huko kimekua kikisikia pampu imekufa au bomba limepasuka, huku kina mama wakipanga ndoo. Bushi za mihimili ya pampu za aina hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo viwanda vya nje huvipulizia kauri ya kromiamu kwa plazma, kwa sababu ndipo mchanga unaposaga. Sasa kuna mradi wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 za Benki ya Exim ya India, na mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022. Handeni na Korogwe zimo.

Wilaya hizo mbili zinapitiwa pia na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, lililozua mabishano hadi Bunge la Ulaya. Mabomba yake yamevikwa povu la kuhifadhi joto na ganda la plastiki katika kiwanda cha Sojo, Nzega. Kumbe kazi ya kuvika chuma na kukipima inaweza kufanyika Tanzania, mradi mwenye fedha akiidai.

Sekta za umeme na maji hazidai. Mafunzo ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yana zaidi ya miaka 50, na shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, linapima vifaa vya viwandani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo zabuni zetu hutangaza megawati, lita na kilomita, kana kwamba chuma hakiliki.

TANESCO na mamlaka za maji waanze na kifungu kimoja cha mkataba: kila gurudumu la turbini au bushi ya pampu inapopelekwa kupuliziwa, kipuliziwe pamoja nayo kipande cha sampuli cha chuma hichohicho, kwa bunduki hiyohiyo, siku hiyohiyo. Kipande hicho kirudi nchini, kikatwe na kupimwa mkazo na mshiko hapa, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla majibu hayajatoka.