Sababu za Madume wa Mamalia Kutonyonyesha

Miongoni mwa spishi zaidi ya 6,000 za mamalia, haijathibitishwa hata moja ambayo dume wake hunyonyesha watoto kwa kawaida. Hali hii inahitaji maelezo, kwa kuwa madume wa spishi nyingi, akiwemo binadamu, wana chuchu na tezi changa za maziwa. Isitoshe, baba wa ndege wengine hulisha makinda kwa kitu kinachotengenezwa na mwili wake: njiwa wa jinsia zote mbili, sawa na heroe wa Ziwa Natron, hutoa kooni lishe nzito inayochochewa na prolaktini, homoni ileile inayosukuma maziwa ya mamalia. Makala hii inashikilia kwamba dume hanyonyeshi si kwa sababu viungo vimemkataa, bali kwa sababu mpangilio wa uzazi wa mamalia hufanya maziwa ya baba yawe na faida ndogo kuliko gharama yake.

Chipukizi za tezi za maziwa hujitokeza kwenye kiinitete cha binadamu kabla korodani hazijaanza kutoa testosteroni, ndiyo maana chuchu huonekana kwa jinsia zote. Kwa panya wa maabara, testosteroni huvunja chipukizi hizo na dume huzaliwa bila chuchu. Kwa binadamu hubaki, na njia za jinsia mbili huachana wakati wa kubalehe, estrojeni inapokuza matiti ya msichana. Wakati wa mimba, projesteroni na prolaktini huikamilisha tezi. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni hushuka na maziwa huanza kujaa. Mtoto anaponyonya, oksitosini huyasukuma nje. Homoni hizi zote zimo pia katika mwili wa dume. Anachokosa ni kiwango chake na mfuatano wake.

Ushahidi wa kitabibu unaunga mkono hoja hiyo. Uvimbe wa tezi ya pituitari unaopandisha prolaktini unaweza kumtoa mwanamume maziwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya wafungwa waliodhoofishwa na njaa walivimba matiti walipoanza kula tena, kwa kuwa tezi za homoni zilipata nafuu kabla ya ini linalozivunja homoni hizo. Mwaka 1994, Charles Francis na wenzake waliripoti katika jarida la Nature kuhusu popo wala matunda wa Malaysia, Dyacopterus spadiceus, ambao madume wao walikutwa na maziwa. Hata hivyo maziwa hayo yalikuwa kidogo mno, na hakuna aliyeonekana akinyonyesha. Kutoa maziwa, basi, si sawa na kulea kwa maziwa.

Mtafiti Martin Daly alilijadili swali la kwa nini dume hanyonyeshi mwaka 1979 na kuonyesha kuwa maelezo ya kifiziolojia pekee hayatoshi. Mimba hukaa ndani ya jike. Mtoto anapozaliwa, mzazi ambaye lazima awepo ni mama, naye tayari ameandaliwa na homoni za ujauzito. Dume aliyekwisha kuondoka anaweza kupata watoto wengine kwa majike wengine. Mara nyingi huongezwa kwamba dume hana hakika ya ubaba, lakini hoja hii ina upungufu. Digidigi huishi wawili wawili, na vipimo vya vinasaba havikupata dalili za watoto wa dume wa nje. Hata hivyo baba hashiriki kulea.

Kipimo kigumu zaidi ni spishi ambazo baba hulea kwa bidii. Bweha mgongo-mweusi wa Serengeti humcheulia nyama mama anayenyonyesha, na baadaye watoto. Baba wa marmoseti, kima wadogo wa Amerika Kusini, hubeba mapacha mgongoni. Katika hali kama hizi, kinachopungua kwa kawaida ni chakula na nguvu za mama, wala si idadi ya matiti. Baba anayeleta nyama au kubeba watoto humsaidia mama moja kwa moja, ilhali matone machache ya maziwa yangemgharimu dume nguvu bila kumshibisha mtoto. Kwa hiyo hatua za mwanzo za mageuzi ya kumfanya dume anyonyeshe hazina faida ya kuziendeleza.

Mwaka 2024, Brennen Fagan, George Constable na Richard Law wa Chuo Kikuu cha York waliongeza sababu nyingine kwa kutumia modeli ya kihisabati. Maziwa hupitisha vijidudu. Vikipitia kwa mama peke yake, vijidudu vinavyodhuru watoto huangamia pamoja na ukoo wa mama huyo. Vikipitia kwa wazazi wawili, hupata njia ya kuenea hata kama vinadhuru. Dhana hii inangoja kupimwa kwa wanyama hai, lakini ina uzito kwa sababu inawagusa pia baba walezi.

Sababu hizi zinakamilishana. Mimba ilimweka mama mahali pa kunyonyesha, na uteuzi wa asili ukamwelekeza baba kwenye misaada mingine au kumwacha aende zake. Uwezo uliobaki katika kifua cha dume ni alama ya ukuaji ambao jinsia mbili huanza nao pamoja.