Entebbe hadi London: Safari Hupimwa kwa Nini?



Hapa Bwaise, familia inayongoja kupelekwa nchi ya tatu huuliza kwanza: kwa ndege ni saa ngapi? Historia ya Uganda ina jibu, tena ina fundisho.

Kutoka Entebbe hadi London ni kilomita 6,500 hivi. Umbali huo haujapungua. Kilichopungua ni muda. Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza safari za Uingereza na Afrika Mashariki, abiria alikaa njiani zaidi ya juma moja. Alibadilisha ndege, akapanda hata treni, na usiku alilala nchi kavu. Ndege zilizotua majini zilifika Port Bell, ziwani, karibu na Kampala. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet, ya shirika la BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe. Safari yote, pamoja na vituo vyake, haikutimia saa 24. Leo ndege isiyotua njiani huchukua saa nane au tisa tu kati ya Entebbe na London.

Lakini tutazame mwaka 1972. Mwezi Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Siku hizo zilikwisha katika foleni za pasipoti na viza. Barabara ya Kampala hadi Entebbe haifiki kilomita 50, lakini kwenye vizuizi askari waliwapekua na kuwanyang'anya mali. Tarehe 18 Septemba ndege ya kwanza ya wahamishwa ilitua Stansted, karibu na London. Je, safari iliishia hapo? Hasha. Wengi walipelekwa kambini, katika majengo ya zamani ya jeshi kama Stradishall, wakangoja nyumba na kazi. Wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote walipelekwa kambi za Austria, Italia na Malta, wakangoja nchi ya kuwapokea.

Basi saa za ndege ndizo sehemu fupi kuliko zote. Safari ya mkimbizi huanza kwenye foleni ya kwanza, na huisha siku anapopata mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo wazazi, tusiwatoe watoto shuleni kwa kusema "ndege iko karibu". Duniani, kwa mwaka, hata mkimbizi mmoja katika kila mia hapelekwi nchi ya tatu. Mtoto akisoma, hapotezi kitu: akiondoka anaondoka na elimu, akibaki anabaki nayo. Nanyi wahudumu, tunawaomba mtueleze wazi faili limefika wapi, hata kama habari si njema. Kungoja kunavumilika mtu akijua anangoja nini.