Mizani Mbili za Waberi

Ukipita katika maduka ya Waberi, mjini Garissa, pengine utaona mizani za namna mbili. Moja ina vitanga viwili: bidhaa huwekwa huku, na mawe ya mizani kule. Nyingine ni ya springi: bidhaa hutundikwa kwenye ndoana, na mshale ukaonyesha hesabu. Je, zote mbili husema jambo moja?

Wazee wa pwani waliopima pembe na karafuu kwa ratili na frasila hawakusumbuliwa na swali hilo, kwa maana kitanga hulinganisha kitu na kitu. Swali lilizaliwa mbali. Mwaka 1672 Jean Richer, mtaalamu wa nyota, alifika Cayenne kutoka Paris, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa yake, iliyoongozwa mwendo wake kwa uzito uning'iniao na kuyumba, ilichelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Haikuwa mbovu. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sababu: dunia huzunguka, tena imetuna katikati, kwa hiyo vitu huvutwa chini kwa nguvu ndogo zaidi penye ikweta kuliko kaskazini.

Basi ikabidi mambo mawili yatengwe. Tungamo ni wingi wa kitu chenyewe, nao haubadiliki popote uendapo. Uzito ni nguvu ambayo ardhi hukivutia kitu hicho, nayo hubadilika. Mkutano wa kimataifa wa vipimo ulilitangaza jambo hili mwaka 1901, na mwaka 1948 kipimo cha nguvu kikaitwa nyutoni, kwa heshima ya mtaalamu yule.

Kanuni yake ni nyepesi. Zidisha kilo kwa mvuto wa mahali, upate nyutoni. Gawanya nyutoni kwa mvuto huo huo, urudie kilo. Mvuto wa Garissa ni karibu 9.78, na wa London karibu 9.81. Gunia la kilo 100 lina uzito wa nyutoni 981 kule, na nyutoni 978 hapa.

Sasa fikiri: mizani ya springi iliyorekebishwa London ikiletwa Garissa bila kuguswa, itagawanya 978 kwa 9.81, nayo itasoma kilo 99.7. Gramu 300 zimepotea, wala hakuna mwizi! Muuzaji atamshuku mnunuzi bure. Lakini vitanga havikosei, kwa sababu mvuto hupungua pande zote mbili sawasawa. Ndiyo maana mizani ya springi yapasa irekebishwe papo hapo itumikapo, kwa mawe ya mizani yaliyothibitishwa.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukipunguza pia. Mwanafunzi ajuaye kutenga tungamo na uzito ataweza kuamua kwa haki kati ya majirani wawili.